Breki za nyuma: Kazi inayowezekana nyumbani, lakini haisamehi uzembe

MADEREVA wanaosafiri kati ya mji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma wanalijua somo moja lisilohitaji darasa: kupanda mlima ni kazi ya injini, lakini kushuka ni kazi ya breki.

Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, inateremka kutoka nyanda za juu za Umatengo hadi kwenye ziwa ambalo uso wake upo takribani mita 470 tu kutoka usawa wa bahari. Lami imeirahisisha safari hiyo, lakini haikupunguza mteremko wala kona zake.

Hali ni hiyo hiyo katika kata za milimani kama Mbuji, ambako njia za vumbi hupita kando ya mashamba ya kahawa na ya ngoro. Huko gari linaweza kupanda na kushuka mara nyingi katika safari moja fupi, na wakati wa masika matope huongezeka juu ya shida ya mteremko.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likiteremka kimo cha mita 500 kwa mwendo usiobadilika, nguvu inayopaswa kuzuiwa, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 17 za maji yaliyokuwa na nyuzi joto 20. Dereva asipoitumia injini kulishikilia gari, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye vipande vinne vya chuma na pedi zinazovibana.

Kwa sababu hiyo, swali la lini na namna gani pedi za breki zibadilishwe si jambo la kuachiwa bahati. Habari njema ni kwamba, katika magari mengi yenye diski nyuma, mmiliki mwenye vifaa na utulivu anaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani kwake. Habari inayopaswa kufuatana nayo ni kwamba ipo mitego michache ambayo hugeuza kazi ya saa mbili kuwa ajali.

Kwa nini za nyuma husahaulika

Gari linapofunga breki, uzito wake huhamia mbele. Ndiyo maana breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, na pedi zake huisha mapema kuliko za nyuma.

Matokeo yake ni kwamba wenye magari wengi huzoea kubadilisha za mbele, mara mbili hata tatu, bila kuzitazama za nyuma. Pedi za nyuma huendelea kulika kimya kimya, huku matope na vumbi vinavyorushwa na magurudumu ya mbele vikizifikia kwa urahisi na kuzifanya zigande mahali pake.

Dalili za kwanza ni mlio mwembamba unaosikika gurudumu linapozunguka. Pedi nyingi huwa na ulimi mdogo wa chuma uliotengenezwa kwa makusudi uguse diski pedi ikikaribia kwisha, ili dereva aonywe. Mlio huo ukipuuzwa, hufuatiwa na mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, na hapo gharama haiwi tena ya pedi peke yake bali na ya diski.

Pedi mpya huwa na unene wa takribani milimita 10, bila kuhesabu bamba lake la chuma. Mafundi wengi hushauri zibadilishwe zikibakia milimita 3, hasa kwa gari linalotumika milimani. Kusubiri hadi zifike milimita 1 ni kucheza na maisha.

Diski au ngoma?

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari anatakiwa kujua kama gari lake lina pedi nyuma au la. Magari madogo mengi yanayoonekana katika barabara za Tanzania, yakiwamo Toyota Probox na Toyota Vitz, kwa kawaida yana breki za ngoma nyuma. Hizo hazina pedi bali vipande vya nusu duara viitwavyo viatu vya breki, vinavyotanuka ndani ya ngoma na kushikiliwa na springi kadhaa. Kuvibadilisha ni kazi ya namna nyingine, na kwa asiye na uzoefu ni afadhali aipeleke kwa fundi.

Magari kama Toyota Harrier, Toyota Mark X na Subaru Forester ni miongoni mwa yale yanayotumia diski nyuma. Kuyatambua si kazi ngumu: ukichungulia kati ya mianya ya rimu utaona sahani ya chuma inayong'aa, imekumbatiwa na chuma kizito kiitwacho kalipa. Ndani ya kalipa ndimo zilimo pedi mbili na pistoni inayozisukuma.

Jambo la pili la kujua ni aina ya breki ya mkono. Katika magari mengine, breki ya mkono ina viatu vyake vidogo ndani ya kitovu cha diski, na pistoni ya kalipa hurudishwa kwa kusukumwa tu. Katika mengine, breki ya mkono hufanya kazi kupitia pistoni hiyo hiyo, ambayo imefungwa kwenye parafujo na ni lazima izungushwe ndipo irudi ndani. Aina ya tatu ni ile ya kitufe, ambayo huendeshwa na mota ya umeme.

Kutojua tofauti hizi ndiko kunakowaponza wengi. Pistoni ya kuzungushwa ikilazimishwa kwa kubanwa, parafujo iliyo ndani huvunjika na kalipa nzima huwa imekufa. Breki ya kitufe nayo hudai mfumo wake uwekwe kwanza katika hali ya matengenezo, mara nyingi kwa mashine ya kompyuta. Asiye na mashine hiyo aiache kazi hiyo kwa fundi aliye nayo.

Ununuzi unaotaka macho

Kutoka Mbinga hadi Songea ni takribani kilomita 100, na vipuri visivyopatikana huko mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, na kusafirishwa kwa basi. Pedi isiyo sahihi inaweza kumaanisha gari kukaa juu ya jeki siku kadhaa.

Kinga ni kuagiza kwa kutumia nambari ya chasisi, wala si kwa jina la gari peke yake, kwa kuwa gari la jina moja linaweza kuwa na aina mbili au tatu za breki kulingana na mwaka na injini. Inasaidia pia kuifungua pedi moja ya zamani mapema, kuipima na kumtumia muuzaji picha yake, kisha kuirudisha mahali pake hadi mpya zifike.

Pedi hununuliwa seti nzima, za kulia na za kushoto. Kubadilisha upande mmoja hulifanya gari livute upande mmoja linapofunga breki, jambo la hatari kwenye kona za mteremko.

Bidhaa bandia ni tatizo linalojulikana katika soko la vipuri, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa hizo kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mnunuzi naye ana la kufanya: aitilie shaka boksi yenye maandishi yaliyokosewa, pedi isiyo na nambari yoyote mgongoni, au ile ambayo kingo zake zinamomonyoka kwa kucha. Risiti iombwe na itunzwe.

Kuliinua gari bila kujihatarisha

Vifaa vinavyohitajika si vingi: jeki, stendi mbili za kulishikilia gari, spana ya magurudumu, spana za namba 12, 14 na 17, bisibisi, brashi ya waya, waya au kamba imara, grisi maalumu ya breki, kitambaa safi na vizuizi vya magurudumu. Kwa pistoni ya kusukumwa huhitajika jiriwa ndogo ya mkono. Kwa ile ya kuzungushwa, kifaa chake maalumu.

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu. Kwa nyumba nyingi za milimani hilo si jambo dogo, na kama uwanja una mteremko, ni heri kuliendesha gari hadi mahali pengine kuliko kutumaini mawe. Chini ya jeki na stendi, ardhi ikiwa ya udongo, uwekwe ubao mnene.

Hapa ndipo ulipo mtego wa kwanza, na ni wa breki za nyuma peke yake. Ili pedi zitoke, mara nyingi breki ya mkono inatakiwa iwe imeachiwa. Maana yake ni kwamba ile breki ambayo dereva huitegemea kulizuia gari haipo tena.

Wengi huamini kwamba gia ya kuegesha ya gari la otomatiki itatosha. Si kweli kwa kila gari. Gia hiyo hufunga magurudumu yanayosukumwa na injini. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark X nyingi zilivyo, ukiyainua magurudumu ya nyuma hakuna kinachoyazuia ya mbele yasizunguke. Kwa hiyo magurudumu ya mbele ni lazima yawekewe vizuizi imara, mbele na nyuma yake, kabla jeki haijaguswa.

Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini. Kisha gari huinuliwa kwenye sehemu iliyoimarishwa kwa ajili ya jeki, na stendi huwekwa papo hapo. Kamwe mtu asiingie chini ya gari, wala asiweke mkono chini yake, likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Hatua kwa hatua

Kazi ifanywe upande mmoja hadi umalizike ndipo upande wa pili ufunguliwe. Faida yake ni kwamba upande ambao haujaguswa hubaki kuwa kielelezo cha namna kila kitu kinavyokaa.

Kwanza, boneti ifunguliwe na mfuniko wa mtungi wa mafuta ya breki usafishwe kabla ya kufunguliwa, ili vumbi lisiingie. Pistoni inaporudishwa ndani, mafuta hupanda katika mtungi. Ikiwa yamejaa, yapunguzwe kidogo kwa bomba safi la sindano. Mafuta ya breki huharibu rangi ya gari. Yakidondoka yaoshwe mara moja kwa maji.

Pili, gurudumu litolewe na boliti ya chini ya kalipa ifunguliwe. Katika magari mengi kalipa huweza kuinuliwa kwenda juu kama mfuniko. Ikilazimu kuitoa yote, ifungwe kwa waya kwenye springi ya gari. Isiachwe ining'inie kwa mpira wa breki, kwani mpira huo unaweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana kwa nje.

Tatu, pedi zitolewe huku zikitazamwa. Pedi hizi huzungumza na anayejua kuzisoma. Ya ndani ikiwa imelika zaidi kuliko ya nje, mara nyingi pistoni au pini za kuteleza zimeganda. Iliyolika kimshazari huonyesha kwamba kalipa haitelezi sawasawa. Kuweka pedi mpya bila kutibu chanzo ni kuzipeleka mpya kwenye mauti yale yale.

Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani na nyingine za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kitupwe.

Nne, diski ikaguliwe. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi huwa umechapwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyopungua chini ya kiwango hicho, yenye ufa, au yenye mifereji mirefu inayokwaruza ukucha, haifai kuendelea na kazi. Rangi ya samawati juu yake ni alama kwamba iliwahi kupata joto kali.

Tano, pistoni irudishwe polepole. Ya kusukumwa hubanwa kwa jiriwa, pedi ya zamani ikiwekwa mbele yake ili isikwaruzwe. Ya kuzungushwa husukumwa huku ikizungushwa, kwa kawaida kufuata mshale wa saa, na mwishoni ufa uliomo usoni mwake hupangwa ili upokee kijino cha mgongoni mwa pedi. Pistoni ikigoma kabisa, au mafuta yakionekana kuvuja pembeni yake, kazi isimame hapo. Hilo ni suala la fundi.

Sita, pini za kuteleza zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Grisi ya kawaida ya magurudumu isitumike, kwani huvimbisha mipira. Grisi kidogo iwekwe mahali masikio ya pedi yanapogusa chuma, lakini hata tone moja lisifike kwenye uso wa pedi wala diski.

Saba, pedi mpya ziwekwe, yenye ulimi wa onyo ikikaa pale ile ya zamani ilipokuwa. Kalipa irudishwe na boliti zikazwe kwa kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari. Gurudumu nalo lifungwe kwa kukaza nati kwa mtindo wa nyota, wala si kwa kufuatana. Magari mengi madogo ya Toyota hutaja nguvu ya nyutoni mita 103, ambayo ni sawa na kukandamiza kwa uzito wa kilo 21 mwishoni mwa mpini wa nusu mita.

Kanyagio linalozama

Mtego wa pili ndio unaoweza kuua, na unasubiri baada ya kazi kumalizika. Pistoni zikisharudishwa ndani, hubaki nafasi kati yake na pedi. Dereva akiwasha gari na kuondoka, mara ya kwanza atakapokanyaga breki kanyagio litazama hadi sakafuni na gari halitasimama.

Kwa hiyo, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyagio likanyagwe taratibu mara nyingi hadi liwe gumu. Ndipo kiwango cha mafuta kitazamwe tena, na breki ya mkono ijaribiwe.

Kanyagio likibaki laini kama sifongo, huenda upepo umeingia katika mfumo au kuna mahali panapovuja. Gari hilo lisiendeshwe hadi upepo utolewe na chanzo kijulikane.

Jaribio la kwanza lifanyike mahali tambarare kwa mwendo wa mtu atembeaye. Likiridhisha, pedi mpya zinatakiwa kuzoeshwa na diski: gari lipunguzwe mwendo kwa utaratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, takribani mara 10, kwa kuacha nafasi ya breki kupoa kati ya mara moja na nyingine. Kuteremka Mbamba Bay na pedi zilizofungwa asubuhi ile ile bila kuzoeshwa ni kuzipa mtihani kabla ya somo.

Mafuta nayo huzeeka

Pedi mpya haziwezi kuokoa gari lenye mafuta ya breki yaliyochakaa. Mafuta hayo hufyonza unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, yanapaswa kustahimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Yakishafyonza unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155.

Katika mteremko mrefu, mafuta yakichemka hutokea mapovu, na mapovu hubanika ambapo mafuta hayabaniki. Dereva hukanyaga na asipate kitu. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kuongezea mafuta ya injini mahali pake, hata kwa dharura, huharibu mipira yote ya mfumo.

Aidha, breki nzuri haimwondolei dereva wajibu wa kutumia gia. Gari la gia za kawaida literemke katika gia ndogo, na la otomatiki liwekwe katika nafasi ya 2 au L, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Anayekanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini huzichosha zikiwa mpya au kuukuu.

Wakati wa kumwita fundi

Boliti iliyolika kichwa, mpira wenye ufa, mafuta yanayovuja, taa ya breki isiyozimika kwenye dashibodi, au breki ya mkono ya umeme, ni mambo yanayotosha kumfanya mmiliki aweke spana chini. Hakuna aibu katika hilo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe na breki zinazofanya kazi barabarani, na haiulizi nani aliyezifunga.

Baada ya kilomita 100 hivi, nati za magurudumu zikaguliwe tena na pedi zichunguliwe kupitia mianya ya rimu. Rimu moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna kitu kinachobana upande huo. Ukaguzi huo hauchukui dakika tano, na wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.